Njano Ile Usiiguse

Jina lake lilikuwa Winifred. Tukamtilia a mkiani
akawa Winifrida, kama nusu ya shangazi zangu wa Kibosho,
na ukimwita hivyo getini pale Rau
aliitika "bee", bila kugeuka, brashi mdomoni.

Mimi nilikuwa fundi wake wa fremu.
Mbao ya mgrevilea, misumari ya inchi moja,
na marikani, niliyoivuta mpaka ukiipiga kwa ukucha inalia.
Nilipomweleza kitambaa kile kilipata wapi jina
alicheka hadi akakaa: "Kumbe kwetu tulitangulia kufika!"

Kwao ni Nebraska. Mahindi, mahindi, kisha mbingu.
Hakuna, alisema, hata kichuguu cha kujikwaa.
Labda ndiyo maana miaka kumi na tisa
hakuuchora mlima.
Watalii wakiuliza, aliwaonyesha sufuria,
masizi na yote.
Alichora benchi la kungojea daktari.
Kandambili mbili, zote za kushoto.
Alichora wanawake wa kiwandani wakichambua kahawa,
vichwa vimeinama, vidole tu ndivyo vinaongea.

Wa tatu kutoka dirishani ni mama yangu, Aikande.
Jumamosi sita alikaa. Ya sita akatazama, akasema:
pua hiyo ya dada yangu Ndeshi, nasi hatusalimiani.
Winifrida akaikwangua kwa kisu cha siagi.
Akaikwangua tena.
Mara ya tatu mama akanyamaza,
na kwa mama kunyamaza ni kupiga makofi.

Kulipa, hakuwa mlipaji. Alinipa mayai, akanipa redio,
akanipa "njoo Ijumaa", na Ijumaa yuko mto Karanga
anachota udongo mwekundu wa kusaga.

Halafu macho.
Mtoto wa jicho, wakasema KCMC,
kaingia taratibu kama mvuke kwenye kioo.
Siku ya kufungua bandeji nilimshika mkono hadi nje.
Akasimama.
"Elinami, lile bati la buluu. Tangu lini ni la buluu?"
Nikamwambia: tangu lipakwe.
Akakaa chini, kwenye changarawe, kati ya magari.

Kumbe miaka yote ile alikuwa akiiangalia dunia
kupitia glasi ya chai ya rangi.
Maziwa aliyochora, siagi. Mashuka ya wodini, siagi.

Basi akaanza kuzunguka na kikapu cha rangi,
Longuo, Msaranga, Kiboriloni, hodi hodi,
kama yeye ndiye anayedai,
akiomba picha zake azisahihishe.
Wengine walimpa. Ya mchungaji sasa nyeupe kama chumvi,
na mchungaji mwenyewe amekonda humo ndani.

Kwetu alifika mvua ikinyesha.
"Nilikukosea, Aikande. Kilemba chako kilikuwa cheupe.
Sikuwa naona."
Mama akamwekea kiti,
akakiweka kuupa mgongo ukuta wenye picha.

"Hukuwa unaona, sawa. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pale.
Vumbi la kahawa miaka thelathini,
Winifrida, hata kamasi zangu zilikuwa njano.
Kilemba cheupe nilikitoa wapi?
Njano ile usiiguse."

Wakanywa chai. Wakasema habari za migomba,
bei ya sukari, mguu wa mama unaovimba.

Wiki iliyofuata akaniagiza fremu kubwa, mita mbili.
Nikajua: mlima, hatimaye.
Ilikuwa shuka kwenye kamba, limeanikwa, basi.
Kona ya chini hakuipaka kitu,
marikani yangu ikawa inatazama watu, uchi.
Nikamwuliza kama rangi ilimwishia.
"Nyeupe hiyo ni yako," akasema. "Mimi siiwezi."

Amelala Rau sasa, masika ya pili hii.
Picha ya mama bado ipo, juu ya kabati la vyombo,
njano vilevile.
Namdai fremu nne.